Mkono wa Mama Pasi

Kwenye kile kiwanda cha dobi walikuwapo wanawake kumi na wanane, na kila mmoja alikuwa na jina la kazini ambalo halikuandikwa kwenye kitambulisho chochote. Mmoja wao aliitwa Mama Pasi. Jina alilipata mwaka wake wa kwanza, siku tajiri mwenyewe alipopita kukagua akamuuliza, "Na wewe unafanya nini hapa?" Kwa woga wa ugeni, ulimi ukateleza, akajibu, "Mimi ndiyo pasi." Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likamganda. Miaka kumi na minne baadaye hata mumewe alikuwa akimwita hivyo anapotaka kumtania.

Na kweli alikuwa pasi. Kazi yake ilikuwa kulisha mashuka kwenye mashine ya kunyooshea: mapipa mawili ya chuma yaliyolala, marefu kama kitanda cha watu wanne, yaliyopashwa moto kwa mvuke na kuzunguka yakigusana. Shuka linaingia na unyevu wake upande huu, linatoka upande wa pili limenyooka, moto kama mkate. Wanawake wawili husimama upande wa kuingizia, kila mmoja na pembe yake. Mama Pasi alisimama kulia. Kushoto, karibu na vitufe vya kuwashia na kuzimia, alisimama Chiriku.

Huyu aliitwa Chiriku kwa sababu maneno hayakumkauka mdomoni. Alianza kuzungumza akivua viatu mlangoni asubuhi na alinyamaza akipanda kitandani, na hata hapo watoto wake watatu walisema huota kwa sauti. Mama Pasi hakuwa msemaji. Kwa miaka tisa yeye alisikiliza, Chiriku akasema, na mashuka yakapita katikati yao, ya hoteli asubuhi, ya hospitali mchana. Hawakuhitaji kuhesabu moja, mbili, tatu. Mmoja akivuta pembe, mwingine alikwisha kuvuta.

Mbele ya mapipa palikuwa na ubapa wa chuma walioita kinga. Mkono ukiugusa, mashine inazimika yenyewe. Mwezi mmoja kabla ya mambo haya kinga ilianza kuzima mashine ovyo, hata ikiguswa na shuka. Kazi ikalala. Msimamizi akaifungua kwa mkono wake, akasema fundi anakuja. Fundi hakuja. Kinga ikakaa nyuma ya mlango pamoja na mafagio, na watu wakaizoea huko.

Ilikuwa Jumanne, saa nne, chai ndiyo kwanza imenyweka. Shuka moja la hospitali liliingia upande, likajikunja, likakwama. Chiriku akazima mashine. Mama Pasi akainama, akapenyeza mkono wa kulia ili alivute. Nyuma yao mashine za kufulia zilikuwa zinanguruma, bomba la mvuke linapuliza. Chiriku alikuwa akinyoosha mkono naye asaidie kuvuta. Mama Pasi akamwambia, "Wacha!"

Chiriku akasikia "Washa!" Akabonyeza.

Kelele ya kwanza aliyoisikia Mama Pasi haikuwa yake. Ilikuwa ya Chiriku, na Chiriku alipiga kelele huku ameshabonyeza kitufe chekundu cha kuzimia, yote kwa pumzi moja. Mapipa yalizunguka kidogo tu, labda upana wa kiganja. Ilitosha.

Hospitali walimlaza siku kumi na moja. Kidole cha kati na cha pete waliviondoa. Cha shahada walikiokoa, lakini kikabaki kimenyooka kama kinachoonyesha njia, hakikunjiki. Gumba na kidole kidogo vilinusurika. Siku ya tatu, dawa za usingizi zilipompungua, jambo la kwanza alilofanya ni kupapasa shuka alilolalia kwa mkono wa kushoto. Akamwita muuguzi.

"Hili limetoka kwetu," akasema. "Lakini upindo huu umepinda. Siyo mimi huyu."

Muuguzi alicheka, kisha akageuka upesi akajifanya anatafuta kitu kwenye kabati.

Mumewe alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno machache, mwenye benchi lake kwenye ukumbi wa duka la vyombo. Watoto wao wawili walikuwa watu wazima wenye maisha yao mbali, wakipiga simu jioni. Kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, na mikono mitatu. Fundi alijifunza upesi. Alipika, akafunga vifungo vya gauni, akaminya dawa ya meno kwenye mswaki. Kichwa ndicho kilichompa shida. Nywele za mkewe zilikuwa zimesimama kila upande tangu hospitali, na jirani aliyekuwa akimsuka alikuwa amesafiri. Jumapili moja akaleta kigoda, akamketisha mkewe chini katikati ya magoti yake, akashika chanuo kama anavyoshika sindano ya viatu.

Alisuka saa mbili. Ulimi nje, jasho puani. Alipomaliza, Mama Pasi alijigusa kichwani, akahisi mistari minne iliyokazwa mpaka nyusi zimepanda.

"Baba," akasema, "umenisuka au umenishona soli?"

"Haitafumuka," Fundi akajibu kwa heshima zote.

Walicheka mpaka machozi. Halafu yake yakaendelea, kicheko kikiwa kimekwisha, na Fundi akaacha chanuo, akaweka kidevu chake juu ya ile mistari minne, akatulia hivyo.

Hakuwa akililia vidole. Wenzake wote kumi na sita walikuwa wamekwisha kuja kumpa pole, wengine mara mbili. Mmoja tu hakuja. Chiriku hakutia mguu hospitali wala nyumbani, hakupiga simu, hakutuma salamu. Mtu aliyempigia soga miaka tisa sasa kimya kama maji ya mtungini. Hilo ndilo lililomkata maini.

Aliyekuja ni msimamizi. Alifika Jumamosi asubuhi na kimfuko cha machungwa, akaketi ukingoni mwa kiti, akampa pole nyingi. Akasema kazini wanamkumbuka, akasema haya ni majaliwa. Kisha akatoa karatasi mfukoni, akailainisha juu ya meza.

"Ni utaratibu tu, mama. Ili faili lifungwe. Kampuni, kwa ubinadamu wake, itakupa kitu cha kukushika mkono."

Alisikia alichokisema, akakohoa.

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema kwamba yeye aliingiza mkono kwenye mashine kwa uzembe wake mwenyewe, na kwamba hana dai lolote, leo wala baadaye.

"Uzembe wangu?" Mama Pasi akauliza taratibu.

Msimamizi akashusha sauti. "Sasa mama, kama si wako, itabidi uwe wa mwenzako. Yeye ndiye aliyebonyeza. Hapo mambo ya polisi yataingia, kazi ataipoteza, na ana watoto wale. Mimi sitaki tufike huko. Wewe unataka?"

Mama Pasi akaonyesha bandeji yake, akasema hawezi kushika kalamu. Msimamizi akasema hata dole gumba la kushoto linatosha, wino tu, na Jumatatu jioni angepita kuichukua. Akaondoka akiwa ameyaacha machungwa mezani, matunda ambayo mtu wa mkono mmoja hawezi hata kuyamenya.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili, midomo ikicheza.

"Huisaini hii."

"Nitaisaini."

"Mama Pasi!"

"Ana watoto watatu yule, na mume hana. Wakimfukuza watakula nini? Wakimweka ndani je? Mimi nimepoteza vidole, basi, vimekwenda. Nikimpoteza na yeye nitarudishiwa vidole?"

"Na sisi? Mkono ule ndio ulikuwa—" Fundi akajishika. Akatazama nje. Halafu akakaa, akachukua chungwa, akaanza kulimenya kwa kisu chake cha ngozi, ganda likishuka kwa utepe mmoja mrefu. Alimpa mkewe vipande kimoja kimoja. "Nisamehe," akasema. "Nilitaka kusema neno baya."

"Nimelisikia hata hivyo," mkewe akamjibu, lakini alikula chungwa lote.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya kusafishwa kidonda. Aliikunja karatasi akaitia kwenye mkoba, na muuguzi wa kliniki, mama mnene mwenye mikono miepesi, alipomaliza kufunga bandeji mpya, Mama Pasi akamuuliza kama kuna kidau cha wino hapo karibu.

"Wino wa nini?"

"Wa dole gumba. Kuna karatasi ya kazini."

Muuguzi akanyoosha mkono kuiomba. Aliisoma akiwa amesimama. Mama Pasi aliona shingo ya yule mama ikivimba.

"Nani kakuandikia upuuzi huu?"

"Msimamizi wetu."

"Mwajiri wako alijaza fomu ya ajali?"

"Fomu gani?"

Muuguzi aliketi. Mgonjwa aliyekuwa akisubiri akachungulia mlangoni, akafukuzwa kwa kidole. "Sikiliza, dada yangu. Ukivuka barabara hapo, jengo lile la rangi ya maziwa, ghorofa ya kwanza, kuna ofisi ya fidia za wafanyakazi. Nenda sasa hivi, usipitie nyumbani. Kuna muda wa kutoa taarifa, ukipita utahangaika. Na hii," akamrudishia karatasi, "usiitie wino, hata wa bahati mbaya."

Ofisi ya fidia ilikuwa chumba kimoja chenye feni iliyozunguka bila kupuliza, na afisa wake alikuwa bwana mfupi aliyeshikwa na mafua. Alipiga chafya mara tatu kabla ya kumkaribisha, akaomba radhi mara tatu.

"Mama, nina maswali matatu tu ya kuanzia," akasema. "Umeumia?"

Mama Pasi akanyanyua bandeji.

"Umeumia kazini?"

"Ndiyo."

"Ukiwa unafanya kazi uliyoajiriwa kuifanya?"

"Ndiyo, kunyoosha mashuka."

Afisa akaandika. "Haya. Sasa nieleze ilivyokuwa. Ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

Kalamu ikasimama. "Mashine hii naijua, mama. Ni ya watu wawili. Ulikuwa unashika pembe zote mbili?"

Mama Pasi alikuwa amejikaza kisabuni mbele ya watu tangu Jumanne ile. Hakulia mbele ya daktari, hakulia mbele ya msimamizi. Sasa, mbele ya mtu asiyemjua mwenye pua nyekundu, akaangua kilio kama mtoto. Akasema yote: kinga iliyowekwa nyuma ya mafagio, shuka, kelele za mvuke, wacha na washa. "Msimwandike," akaomba. "Kama fidia ni mpaka apatikane mwenye kosa, basi siitaki. Niandikie mimi kosa, niende zangu nyumbani."

Afisa alimsogezea boksi lake la karatasi laini, ambalo lilikuwa limebaki na mbili. Akasubiri.

"Nani kakwambia tunatafuta mwenye kosa?" akauliza.

Mama Pasi akamtazama.

"Fidia ya kazini haimtafuti mwenye dhambi, mama. Nimekuuliza maswali matatu, umenijibu matatu. Uliumia, kazini, ukifanya kazi. Haki yako imeshasimama hapo. Mwenzako alisikia vibaya? Ni ajali ya kazini. Wewe mwenyewe uliteleza? Ni ajali ya kazini."

"Hata kama ningekuwa nimesinzia?"

"Hata kama. Labda uwe umejikata mkono kwa makusudi ili ulipwe, na wewe huna sura hiyo." Akapiga chafya. "Matibabu si juu yako. Mshahara wa siku ambazo huwezi kufanya kazi, una haki nao. Na mkono ukishapona, daktari atapima umepungukiwa kiasi gani, nacho kinalipwa. Nauli za kliniki pia. Umetunza tiketi?"

Hakuwa ametunza.

"Anza leo. Hiyo kinga iliyokuwa nyuma ya mafagio ni shauri la mkaguzi na kampuni. Hilo niachie. Ila nahitaji mtu mmoja aliyeona ajali, aje aeleze. Na hawaruhusiwi kumfukuza kwa sababu ya kusema alichokiona. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno yangu."

Mama Pasi hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Chiriku, ambaye alikuwa ameshatoka zamu, kwenye nyumba ya wapangaji sita waliochangia bomba moja uani. Alimkuta amechutama mbele ya beseni, anasugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata zamani. Aliposikia hodi akainua uso. Alikuwa amekonda. Sufuria ikamponyoka.

"Dada," akasema, na asiweze kuendelea.

"Nipe kiti, nimechoka," Mama Pasi akasema. "Nimetembea sana leo."

Chiriku akaleta kigoda, akakipangusa kwa upindo wa gauni lake, akasimama mbali kama mtu anayengojea hukumu. Majirani waliokuwa bombani wakaona hali, kila mmoja akakumbuka shughuli ndani.

"Wiki tatu," Mama Pasi akasema. "Hata salamu?"

"Nilifika." Sauti ya Chiriku ilikuwa ndogo. "Nilifika hospitali mara mbili. Nikasimama kwenye korido. Nilikuona unapapasa shuka. Miguu ikakataa." Akafuta macho kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na povu. "Msimamizi alisema nisikusogelee. Alisema ukiona sura yangu utakumbuka, utanipeleka polisi. Nikasema basi anipeleke, si mimi niliyefanya? Lakini watoto, dada. Nikiwaangalia…"

"Ulisikia nini siku ile?"

"Washa. Nilisikia washa, naapa."

"Mimi nilisema wacha."

"Najua sasa. Kila siku naisikia. Wacha, washa, wacha, washa. Naisikia mpaka kwenye maji ya bomba."

Halafu Mama Pasi akafanya jambo ambalo hakulipanga. Akaunyoosha mkono wa bandeji, akauweka mapajani mwa Chiriku, ambaye alikuwa amechutama tena, kama mtu anavyompa mwenzake mtoto ampakate. Chiriku akaupokea kwa viganja vyake vyote viwili, povu na yote, akauinamia.

"Umenilowesha bandeji," Mama Pasi akasema baada ya muda. "Muuguzi wangu ni mkali, atatugombeza wote wawili."

Kisha akamweleza habari ya yule bwana wa mafua, maswali matatu, na kwamba hakuna anayetafutwa. Ilibidi aeleze mara mbili. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka tisa yeye kuwa msemaji na Chiriku msikilizaji.

Jioni ile msimamizi alipopita kuchukua karatasi yake, Fundi alimpokea mlangoni, akamkabidhi. Ilikuwa safi, haina hata doa. "Mke wangu amekwisha kuandikisha mahali pengine," akasema, akamtakia safari njema. Kwa mtu wa maneno machache, ilikuwa hotuba.

Chiriku alikwenda ofisini kesho yake. Aliingia, akatoka baada ya saa nzima, na afisa aliyemsindikiza mlangoni alionekana amechoka kuandika. Alieleza kila kitu, na kinga, na tarehe iliyofunguliwa, na rangi ya fagio lililokuwa mbele yake. Wiki iliyofuata mkaguzi akaja kiwandani, akaifunga mashine siku nne mpaka kinga mpya ikawekwa. Msimamizi akahamishiwa stoo. Watu walisema mengi, lakini Chiriku hakufukuzwa.

Mambo mengine hayakwenda mbio hivyo. Fomu ya mwajiri ilirudishwa mara mbili kwa kukosewa. Daktari wa kupima alimwahirisha mwezi mzima. Alipompokea hatimaye, alimuuliza ni kazi gani mkono unashindwa, na Mama Pasi akazitaja bila haraka: kufunga kitufe, kukamua nguo, kumenya, kusuka, kumpa mtu mkono. "Watu wakinyoosha mkono wa kulia kunisalimia, wanaurudisha," akasema. Daktari aliandika asilimia fulani. Mama Pasi alishangaa jinsi vidole vya mtu vinavyoweza kuwa asilimia, lakini malipo yalikuja, pamoja na mishahara ya miezi mitano, na hakuna mtu aliyemtaka aseme alikuwa mzembe.

Alirudi kazini, siyo kwenye mapipa. Afisa alikuwa ameandika kwamba apewe kazi anayoiweza, wakampa meza ya ukaguzi karibu na dirisha, ambako kila shuka hupita kabla ya kufungwa, apapase kama kuna tundu au upindo uliopinda. Mkono wa kushoto ulijua kazi kuliko alivyodhani. Siku ya kwanza alirudisha mashuka arobaini, na wanawake wa mapipani wakalalamika kwamba sasa wamepata msimamizi wa kweli.

Kuna asubuhi za baridi ambazo mkono humsumbua. Huwa ameketi kitandani, Fundi anamfunga vifungo, na yeye anakunja uso.

"Nini?"

"Kidole kinaniwasha."

"Kipi?"

"Cha pete. Kile ambacho hakipo."

Mara ya kwanza Fundi alibaki ameduwaa. Siku hizi anajua la kufanya. Huushika mkono wa mkewe, akakisia mahali ambapo kidole kingekuwa, akakuna hewa pale taratibu kwa ukucha wake mgumu wa fundi viatu.

"Juu kidogo," Mama Pasi humwelekeza. "Hapo. Hapo hapo."